Merege, Machalii na Mlima Meru

Bango la filamu ya Hatari! lilikuwa na majina makubwa: John Wayne wa Marekani, Elsa Martinelli wa Italia, Hardy Krüger wa Ujerumani. Picha yenyewe ilipigwa huku kwetu, kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi miezi ya mwanzo ya 1961, Tanganyika ikiwa inausubiri Uhuru wa Desemba. Mwongozaji Howard Hawks alitaka waigizaji wake wakamate wanyama wenyewe, kwa hiyo mbio za malori na vifaru unazoziona mle ni mbio za kweli, na vumbi ni la kweli. Mwaka 1962 filamu ikatoka. Muziki aliouandika Henry Mancini, hasa ule wa ndama wa tembo, ukapigwa redioni hadi nchi ambazo watu wake wasingeweza kuionyesha Arusha kwenye ramani.

Kwenye bango hilo hapakuwa na jina la Mmeru, wala la Mwarusha, wala la Mmaasai. Mimi naandika habari za watu wa Arusha waliokuja kupanda jukwaani kwa majina yao wenyewe, na habari hiyo haisomeki vizuri bila kuanzia hapo.

Baba yangu mdogo alikuwa kijana wakati huo, na alipata kibarua cha kukata majani ya kulisha wanyama waliokamatwa. Alilipwa vizuri kuliko shambani, hilo hakulificha. Filamu ilipofika Arusha alikwenda Metropole na nguo zake za Krismasi. Alituhadithia miaka mingi baadaye kwamba alijiona. Kuna mahali wanavuta kamba, na pembeni kabisa ya picha kuna mkono wa mtu mweusi umeshika ile kamba, halafu gari linapita mbele. Mkono ule, alisema, ni wake. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi na mikono ni mingi. Siwezi kumkatalia mzee wangu, na sitaki.

Kinachoniuma zaidi ni nchi yenyewe inavyoonekana mle ndani. Nyika nzuri, pana, tupu, kama vile Mungu aliiumba kwa ajili ya malori ya watega wanyama. Sehemu za Momella, chini ya Mlima Meru, ambako kamera zilisimama, zinapakana na Engare Nanyuki, na mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru Engare Nanyuki, takribani watu 3,000, nyumba zikachomwa moto, ardhi wakapewa walowezi wafuge ng'ombe. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akawa Mtanganyika wa kwanza kuieleza dunia shida ya watu wake pale. Baraza halikuwarudishia ardhi. Lakini jina lake lilisikika, na waliokijenga chama cha TANU katika nchi hii wanajua deni tulilo nalo kwa safari ile. Miaka tisa hivi baada ya moto wa Engare Nanyuki, kamera za Marekani zilifika jirani na hapo na kuukuta uwanja mweupe.

Ndani ya filamu kuna kipande ambacho Waarusha wanamtawaza mpiga picha wa Kiitaliano, anayeigizwa na Martinelli, na kumpa jina la Mama Tembo. Watu wetu wanacheza, wanaimba, wanampaka rangi. Ni kipande cha furaha na wachezaji wanacheza vizuri kabisa. Yule mgeni anatoka pale na jina la Kiswahili. Waliompa jina hilo filamu haikutujulisha wao wanaitwa nani.

Nimtendee haki Krüger, kwa sababu yeye hakuja na kuondoka kama wenzake. Alipenda Momella, akanunua shamba, akaishi pale chini ya Meru miaka mingi, akafuga, akaandika kitabu kuhusu shamba lake. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, kisha mwandishi, na aliishi hadi 2022 akafa Marekani akiwa na miaka 93. Nyumba yake leo ni hoteli ya watalii inayoitwa Hatari. Wageni wanalala pale, wanaamka, wanamwona twiga dirishani.

Asiseme mtu kwamba wakati ule Watanganyika walikuwa hawajui kuigiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla Hawks hajafika, kijana mmoja mtumishi wa serikali aliigiza mhusika mkuu katika filamu ya Muhogo Mchungu, habari ya mtu wa shamba anayekwenda mjini na kuliwa na matapeli. Kijana huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka ule ule ambao Hatari! ilionyeshwa duniani, 1962, yeye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watu waliomwona kwenye turubai la sinema ya wazi, gari la serikali likiunguruma umeme pembeni, walimwona tena akihutubia. Uso ni ule ule. Sauti ni ile ile.

Muziki ulikuwa na mkondo wake. Mwaka 1970 ndugu watatu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson, George na William, walitoka Tanga walikokuwa na Jamhuri Jazz, wakaja Arusha, wakaanzisha Arusha Jazz. Wilson na George walikuwa watu wa vipaji viwili kwa pamoja, mikono kwenye gitaa na mdomo kwenye kipaza sauti, na watunzi juu yake. Mji wetu ulikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye watumishi wa ofisi waliopenda kucheza dansi siku za mwisho wa wiki. Lakini mwaka 1971 wale ndugu walivuka Namanga kwenda Nairobi, na huko ndiko walikojulikana kama Simba Wanyika. Sababu haikuwa siri. Nairobi kulikuwa na kampuni za santuri, studio na mashine za kuzichapa. Kwetu Radio Tanzania ilikurekodi kwenye utepe ili ikupige hewani, na wimbo ukabaki mali ya hewa. Ukitaka santuri yenye jina lako unaishika mkononi, unapanda basi kwenda Kenya. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa hadi 1983, na sisi tuliobaki huku tukawa tunawasikiliza vijana wa Tanga waliopita kwetu kupitia redio ya jirani.

Arusha ilibaki na ngoma za hotelini. Nazisema bila dharau, maana zimelisha familia nyingi. Jioni watalii wanakaa na vinywaji vyao, kundi la vijana waliovaa lubega linaingia, linaimba, linaruka, linapigiwa makofi, linatoka kwa mlango wa jikoni. Mwenye kipaji kikubwa analipwa sawa na asiyejua kuimba, kwa sababu anayelipa hajui tofauti. Mtangazaji wa hoteli anasema "Masai dancers", na hapo habari imekwisha. Mambo haya yalikuwapo nilipokuwa mdogo na yapo hadi leo.

Miaka ya 1980 na 1990 mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda, si mbali na soko la Kilombero. Deki mbili, spika mbili nje, na ukuta mzima wa kanda. Mteja anakuja na karatasi ameandika nyimbo anazotaka, ananunua kanda tupu ya dakika sitini, anarudi jioni. Mwanzoni zilikuwa bendi za Dar es Salaam na za Kongo, kwaya za Kilutheri, na reggae, sana reggae, Arusha ilikuwa na marasta wake. Halafu karatasi zikaanza kubadilika. Mwaka 1991 Saleh Jabri aliichana "Ice Ice Baby" kwa Kiswahili, na machalii wa sekondari waliofuata kanda yake kibandani walikuwa wanaimba kabla sijaiweka kwenye deki. Radio One ilipoanza mwaka 1994, Taji Liundi na kipindi chake cha DJ Show wakamaliza kazi. Ni mwaka huo huo Bara tulipopata televisheni ya kwanza. Watoto walioona video za Marekani kwa mara ya kwanza waligundua kwamba yule mtu wanayemwiga anacheza, anaigiza na anachana mistari kwa wakati mmoja. Basi nao wakaanza kufanya yote matatu.

Mji nao ulikuwa umechangamka. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikuja kwenye jengo la mikutano la AICC mwaka 1995, na pamoja nayo wakaja wanasheria, wakalimani, waandishi na dola. Kodi za nyumba zikapanda. Machimbo ya Mererani yalikuwa yanatoa tanzanaiti, na pesa yake ilikuwa inapita mitaani kwa kasi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kijana wa Kaloleni, Ngarenaro au Unga Ltd. aliona utajiri kila siku na hakuushika. Ukitaka kujua kwa nini rap ya Arusha ilikuwa nzito kuliko ya Dar, yenye kusema njaa na polisi badala ya mapenzi, usitafute mbali.

Katika miaka hiyo ya katikati ya tisini ndipo X Plastaz walipoanza. G-San, Ziggy na Nelly, ambaye baadaye tulimwita Faza Nelly. Walikuwa machalii wa mjini kabisa, na kwa kuwaangalia ungesema ni kundi jingine la vijana wa suruali pana. Baadaye waliingia wadogo zake G-San, msichana na mvulana, kundi likawa na sura ya familia. Na akaingia Yamat Ole Meipuko, aliyejulikana kama Merege.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wa muziki wanapita haraka mno.

Uimbaji wa Kimaasai hauna ngoma. Hauna gitaa, hauna filimbi ya lazima. Una koo. Yupo kiongozi, olaranyani, anayepandisha mstari juu, peke yake, sauti nyembamba inayokata upepo. Wenzake wanajibu kwa chini kabisa, mlio unaotoka kifuani na puani, na shingo zinakwenda mbele na kurudi nyuma, kidevu kinatangulia. Pumzi inayotolewa kwa nguvu ndiyo inayohesabu mapigo. Mtu aliyezoea besi ya kiwandani akisikiliza kwa makini ataitambua besi mle, imetengenezwa na matumbo ya wanaume wanane. Waarusha wanaimba hivyo pia, ni ndugu wa lugha moja, Kimaa, wao wakalima migomba kwenye miteremko ya Meru na Wamaasai wakabaki na ng'ombe nyikani.

Merege hakuongezwa ili kupamba. Kuna makundi yaliyomweka Mmaasai jukwaani kama hoteli zinavyomweka, aruke kidogo katikati ya wimbo kisha akae. Katika nyimbo za X Plastaz yeye ndiye anayeshika kiitikio, na wakati mwingine ndiye anayefungua. Mapigo ya kompyuta yanaingia yakimfuata yeye. Wenzake wanachana Kiswahili cha mtaani, chenye maneno yetu ya Chuga, yaani Arusha, halafu Kimaa kinapita juu yake kama mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Wa mjini na wa nyikani, ambao stendi kuu wanasukumana kila asubuhi wakati mmoja anashuka na mwingine anapanda, wamekutana kwenye wimbo na hakuna anayemtafsiria mwenzake.

Nyumbani kwetu wapo waliokasirika. Wazee wa Kimaasai walisema mambo ya moran hayachanganywi na kelele za vilabuni. Wasomi wengine walisema ni biashara ile ile ya Hatari!, Mmaasai anauzwa kwa Mzungu ila amevalishwa nguo mpya. Niliyasikia yote mawili kibandani, maana kibanda cha kanda ni baraza. Jibu langu lilikuwa, na bado ndilo: sikilizeni wanaongea na nani. Wimbo kama "Msimu kwa Msimu" au "Kutesa kwa Zamu" umeandikwa kwa Kiswahili cha mtu anayetaka aeleweke Sanawari na Kijenge. Mgeni atapata mapigo na sauti. Maneno ni yetu.

Mwaka 2004 kampuni ya OutHere ya Ujerumani ilitoa albamu ya X Plastaz, Maasai Hip Hop. Jina hilo la Kiingereza mimi silipendi sana, linanikumbusha mtangazaji wa hoteli. Lakini ni nani aliyejulikana kwa kazi ile? G-San, Ziggy, Nelly, Merege. Kundi hilo lilizunguka Ulaya, likapanda majukwaa makubwa kwa onyesho lake lenyewe, mistari, mwili na mavazi pamoja. Merege alisimama mbele ya watu wasiojua neno hata moja la Kimaa, amevaa lubega, na alitoka pale kama msanii mwenye jina. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita tangu Waarusha walipomwimbia Mama Tembo.

Faza Nelly aliuawa hapa hapa Arusha mwaka 2006. Sitaandika mengi. Alikuwa mwandishi mzuri wa mistari, mwenye sauti ya mtu mzima akiwa bado kijana, na mji ulimlilia kama unavyomlilia mwanasiasa. Kanda zake niliziweka nje kwenye spika siku hiyo na hakuna aliyekuja kuniambia nipunguze sauti.

Mwaka 2009, kwenye tuzo za hip hop za BET nchini Marekani, walipiga picha kile kipande chao cha wachanaji kusimama pamoja na kupokezana mistari. Mmoja wao alikuwa KRS-One, ambaye kanda zake nilizirekodi hadi utepe ukalegea. Mwingine alikuwa G-San wa Arusha. Alichana kwa Kiswahili. Aliingia kwa zamu yake, akachana, akampisha mwenzake, kama mtu anayechana maskani kwao. Vijana walinionyesha kwenye simu, picha ndogo inayokatika katika, na nilihitaji kukaa chini. Ule ni uso wa mtu wa kwetu katikati ya picha ya Kimarekani, anaongea, na jina lake limetajwa.

Waliofuata wanajulikana na vijana wanawaeleza vizuri kuliko mimi. JCB na Watengwa wa Kijenge. Nako 2 Nako. Joh Makini na mdogo wake Nikki wa Pili, kisha Weusi, waliolazimisha redio za Dar kupiga lafudhi ya Arusha bila kuisafisha. Nakaaya Sumari, aliyepitia shindano la Tusker Project Fame mwaka 2006 kisha akawaimbia wanasiasa ukweli wao. Idris Sultan, mzaliwa wa mji huu, aliyeshinda Big Brother Africa mwaka 2014 na dola 300,000, akaendelea kwenye uchekeshaji, redio na filamu. Kijana wa leo haoni ajabu mtu mmoja kufanya vitu vitatu. Anaona ajabu anayefanya kimoja.

Mwaka 2021 Nikki wa Pili aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, na watu walishangaa kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Wangemuuliza yeyote aliyewahi kukaa kwenye nyasi usiku akimtazama Kawawa anatapeliwa kwenye Muhogo Mchungu.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba kazi nyingi ya miaka ile ya mwanzo haikutoka kwenye albamu yoyote. Ilikuwa kwenye disko toto za Sikukuu, kwenye mashindano ya mashule, kwenye maskani, na machalii waliirekodi kwa redio kaseti yenye maikrofoni ndogo pembeni, kisha wakaja kibandani niwatolee nakala. Wengine hawakuwa na hela ya nakala ya pili, kwa hiyo ile moja ikabaki kwangu. Humo kuna mtu anaigiza sauti tano za abiria wa daladala halafu anaingia kwenye mistari bila kuvuta pumzi. Kuna mabinti wawili wa Ngarenaro wanaochana kwa kupokezana nusu mstari, kitu ambacho sijakisikia tena kwa wanawake hapa nchini. Kuna mchunga ng'ombe kutoka upande wa Longido anayeimba peke yake dakika nzima ya mwanzo, na machalii wanamngoja amalize ndipo wanapiga biti kwa midomo.

Kila kanda ilikuwa na kikaratasi, na kila kikaratasi niliandika kwa kalamu ya bluu jina la mwimbaji, mtaa wake na mwezi. Utepe unachoka. Mwingine umeshaanza kushikana, na mashine nzuri ya kuusomea ni ngumu kupata Arusha. Kijana wangu ananisaidia kuhamishia kwenye kompyuta jioni akitoka kazini, tunakwenda kanda moja moja, na tunaanza na zile ambazo wenyewe wamekwisha kufa. Aliyewahi kurekodi kwangu, au mwenye ndugu aliyerekodi, aje Kaloleni aulizie mzee wa kanda. Aje na jina kamili la msanii, maana machalii wengi waliniandikisha majina ya utani tu.